Kifungu cha Tatu: Barua ya Wazi kwa Kamati ya Ulinzi Shirikishi ya Mtaa Wetu

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe,

YAH: PENDEKEZO LA KUFUNGIA MBWA WAKUBWA MCHANA

Tangazo lenu nimelisoma pale kwenye nguzo ya umeme karibu na mashine ya kusaga, nikalisoma tena dukani, maana nakala ya nguzoni mvua ilishaila nusu. Kifungu cha kwanza kinataka kila mbwa achanjwe; hapo mikono yangu yote miwili iko juu. Cha pili kinataka mbwa asionekane barabarani bila mtu; hapo pia hatuna ugomvi. Cha tatu ndicho kilichonifanya nishike kalamu: mbwa wa "aina kubwa" wafungiwe bandani tangu alfajiri mpaka saa mbili usiku, wasitoke getini hata wakiwa na mwenyewe, na wale wanaolelewa sasa wazoezwe hali hiyo tangu wangali wadogo.

Mtoto wa mbwa mkubwa anayelelewa mtaani kwetu kwa sasa ni mmoja, naye yuko kwangu. Kwa hiyo tusizungushane. Kifungu hicho kinamhusu Kifaru.

Nianze na jinsi alivyo, kwa sababu nusu ya yanayosemwa kijiweni si kweli na nusu nyingine yamepunguzwa. Kifaru ni Boerboel, dume, hajatimiza miezi saba. Uzito wake unakaribia kilo 40, na wakubwa wa aina yake hufika 70, wengine hupita. Asili yao ni Afrika Kusini, mashambani, ambako mbwa waliokuja na walowezi wa Kiholanzi tangu karne ya 17 walichanganyika na wengine walioletwa baadaye. Chama cha kuwaandikisha kiliundwa mjini Senekal, jimbo la Free State, mwaka 1983. Kazi yao ilikuwa kukaa na familia katika shamba ambalo jirani yuko mbali, na kukabili chochote kitakachokuja usiku, awe mnyama, awe mtu. Mkulima hakuwa na nafasi ya kusimama nyuma ya mbwa akimpa amri. Alitaka mbwa wa kujiamulia mwenyewe. Sasa mbwa huyo yuko Dar es Salaam, kwenye kiwanja chenye mnazi mmoja na kamba ya kuanikia nguo, na kujiamulia kwake amekuja nako.

Ndiyo sababu mnamkuta amelala njiapanda. Akiamua kulala, amelala. Bajaji itapiga honi, abiria atatoa kichwa, muuza mahindi atacheka mpaka aache jiko, na Kifaru ataweka kidevu chini na kufumba jicho moja. Haumwi. Hajachoka. Amefikiria ombi langu la kurudi nyumbani na hakuliona lina uzito. Vijana wa bodaboda wana dawa moja tu: "Mama, mchape." Kila siku, mchape. Niwajibu hapahapa mbele ya kamati ili nisirudie tena barabarani. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwauliza watu waliopeleka mbwa wao kwenye kliniki ya tabia ni mbinu zipi walishatumia na mbwa aliitikiaje. Miongoni mwa waliokuwa wamempiga au kumpiga teke mbwa wao, asilimia 43 waliona mbwa akijibu kwa ukali. Mbwa wa kilo 40 ninaweza kumchapa leo akanywea. Mwakani atakuwa na kilo 65 na kumbukumbu nzuri.

Kinachomwinua njiapanda ni dagaa. Dagaa mkavu wa Mwanza, mmoja mmoja, kutoka mfuko wa dera. Anainuka, anapiga hatua tatu, anapewa. Hatua kumi, anapewa. Mwisho anatembea mwenyewe kwa matumaini. Wapo wanaosema ninamhonga. Ni kweli. Nyie mnawalipa vijana wa doria posho, na hakuna aliyesema mnawahonga walinde.

Nyumbani nako kuna shughuli yake. Mtoto wa mbwa huwa na meno 28 ya utotoni, na kati ya mwezi wa nne na wa saba yote hung'oka yakaja 42 ya ukubwani. Fizi zinamwasha, basi anatafuna. Ametafuna kandambili, kona ya mkeka, kopo la kuogea, kiatu cha mzee wa nyumba, na daftari la mikopo la kikoba chetu, jambo ambalo baadhi ya wanachama walilipokea kwa furaha nisiyoielewa. Kanga zikianikwa chini kidogo anazishusha na kuzilalia. Tuta la mchicha amelifukua mara kadhaa. Chakula nacho kina mambo yake: kila jirani ana ushauri wa mifupa na unga wa chokaa "ili miguu iwe minene," na kila mara namjibu kwamba mbwa wa aina kubwa akizidishiwa madini ya chokaa utotoni mifupa hukua vibaya na viungo huharibika. Miguu ni minene tayari, asanteni.

Hayo ni ya nyumbani kwangu na hayawahusu. Linalowahusu linaanza getini.

Kuna kipindi katika maisha ya mbwa ambacho hakirudi. Kinaanza kama wiki ya tatu baada ya kuzaliwa na kufifia kufikia wiki ya kumi na nne hivi. Katika kipindi hicho, anachokutana nacho bila kuumizwa hukiandika moyoni kuwa ni cha kawaida. Asichokutana nacho, baadaye hukiona ni hatari. Mwaka 1961 watafiti watatu, Freedman, King na Elliot, walieleza katika jarida la Science jinsi walivyolea watoto wa mbwa katika uwanja uliozungushiwa uzio, wakilishwa bila kukutana na binadamu. Wengine walitolewa kwa zamu wakiwa na wiki chache, wakakaa na watu kwa juma moja, wakarudishwa. Wengine hawakutolewa mpaka wiki ya kumi na nne. Hao wa mwisho walishindikana: kila jitihada ya kuwazoeza watu baada ya hapo haikuwafikisha walipofika wenzao. Na hawa hawakuwa mbwa wa ukoo mkali. Walikuwa mbwa wadogo, wa aina ambazo watu hufuga sebuleni.

Sasa chukueni kifungu chenu cha tatu mkisome tena: "wazoezwe hali hiyo tangu wangali wadogo." Ndugu zangu, huo ndio uwanja wa wale watafiti. Mnataka tuujenge nyuma ya kila geti, halafu ndani yake tuweke mbwa wa kilo 70.

Kifaru alipokuwa na chanjo ya kwanza tu sikuweza kumkanyagisha barabarani, kwa sababu ya parvo. Ugonjwa huu ulijulikana duniani mwaka 1978, huua watoto wa mbwa kwa kuharisha damu, na virusi vyake hudumu ardhini miezi mingi. Lakini kungoja chanjo zote zikamilike kungekula kile kipindi chote. Basi nikambeba kwenye kikapu cha sokoni. Mlinicheka, na mlikuwa na haki. Kikapuni mle alisikia mashine ya kusaga, adhana, gari la taka, honi za lori la mchanga na watoto wakitoka shule. Aliona mtu mwenye mwavuli, mtu mwenye kofia ya pikipiki, bibi mwenye mkongojo, dada aliyevaa nikabu, mzee aliyebeba godoro kichwani. Vitu hivi kwetu ni mtaa tu. Kwa mbwa aliyekulia bandani, mtu mwenye godoro kichwani ni kiumbe asiyewahi kuonekana, na jibu lake kwa kiumbe kama huyo liko kwenye meno.

Hapa niseme la wauzaji, ingawa si kazi ya kamati. Wapo wanaouza watoto wa mbwa wakiwa na wiki nne au tano, wakidai "ukimchukua mapema anakuzoea." Anakuzoea, ndiyo, lakini amekosa kwa mama na ndugu zake somo la jinsi ya kung'ata bila kuumiza, ambalo binadamu hana namna nzuri ya kulifundisha. Walau wiki nane. Mwenye kununua aulize tarehe ya kuzaliwa kabla ya kuuliza bei.

Nimesikia hoja ya upande wa pili, nayo inasemwa na watu wazima wenye mbwa miaka mingi: ukimzoeza watu atakuwa mpole, na mbwa mpole halindi. Ndiyo imani iliyojaza mtaa wetu vibao vya MBWA MKALI, vingine kwenye nyumba zisizo na mbwa. Ndiyo imani inayowafanya watu wafungie mtoto wa mbwa gizani, wengine wamlishe pilipili. Hoja hii ninaipinga moja kwa moja. Boerboel hahitaji kufundishwa kulinda. Akiingia mwaka wa pili hulinda mwenyewe, kwa damu. Anachohitaji kufundishwa ni nani si adui. Mbwa asiyejua watu hubweka kwa kila mtu, sawa na king'ora cha gari kinacholia kila upepo ukipita, na nyinyi wenyewe mnajua kwamba king'ora cha namna hiyo kikilia usiku hakuna anayeinuka kitandani. Mbwa anayewajua watu wa mtaa akibweka saa tisa usiku, mimi nawasha taa.

Na hapa ndipo kifungu chenu kinapowageukia wenyewe. Kinasema mbwa afungwe mchana, afunguliwe saa mbili usiku. Ni nani anatembea mtaani usiku? Muuza karanga amelala. Watoto wamelala. Wezi wapo, lakini si kila siku. Watu wanaopita kila usiku, wenye tochi, marungu na filimbi, wanaogonga mageti kuuliza kama kuna amani, ni vijana wenu. Mtakuwa mmelea mbwa asiyemjua binadamu kwa mwanga, mkamfungulia gizani, na binadamu wa kwanza kukutana naye ni kijana wa doria anayemmulika usoni. Mageti yetu mnayajua. Mengine yanafungwa kwa waya, mengine yamelegea bawaba. Mwaka jana mbwa wa jirani alitoka usiku kwa mlango ulioachwa wazi na kumrarua kijana suruali. Bahati yake ilikuwa suruali. Mbwa yule hakuwa wa kizungu. Alikuwa mbwa wetu wa kawaida, aliyeishi bandani tangu mdogo, mchana haoni mtu.

Kifaru anawajua wale vijana. Nimemtoa jioni wakati wa kupokezana zamu, wakampa dagaa kwa mkono, wakampulizia filimbi kwa mbali, kisha kwa karibu, wakawasha tochi. Siku za kwanza alirudi nyuma na manyoya ya mgongoni yakasimama. Siku hizi akisikia filimbi anakaa chini na kungoja posho yake. Hii kazi haijaisha. Kati ya miezi sita na mwaka na nusu mbwa huwa kijana, na kijana husahau, hujaribu, hutunisha kifua. Kumfungia leo ni kubomoa ukuta uliofika dirishani.

Nije kwa Shehe wetu, mjumbe wa kamati, ambaye najua neno lake lina uzito katika kifungu hiki na ninalistahi. Mimi nimesoma chuoni Tanga, nikipigwa fimbo za kutosha. Ninajua kuwa kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ninajua pia, na Shehe anajua zaidi yangu, kwamba kikavu kikigusa kikavu najisi haihami, kwamba wenzetu wa Maliki wana kauli nyepesi zaidi, na kwamba mbwa wa kulinda, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa. Hata hivyo sitaki kujadili fiqhi na mtu aliyetia udhu na yuko njiani kwenda kuswali. Haki yake ni kufika msikitini na kanzu safi. Kwa hiyo saa za Magharibi na Isha sipiti barabara ya msikiti, na Ijumaa mchana Kifaru hatoki kabisa. Nikikutana na mwenye kanzu, mimi ndiye ninayevuka barabara. Kifaru anakaa, mkanda nimeukunja mkononi, mpaka mtu apite. Mzee mmoja amenikumbusha methali kwamba ukicheza na mbwa atakufuata msikitini. Namjibu kwa heshima: atakufuata yule asiyefundishwa kukaa. Na kukaa hufundishwa barabarani, penye watu na vishawishi. Bandani hakuna cha kumfanya atake kuinuka.

Kijana mmoja wa kamati amenitumia ujumbe kwamba Denmark, nchi iliyoendelea, imepiga marufuku Boerboel. Ni kweli. Mwaka 2010 Denmark ilipiga marufuku aina 13 za mbwa na Boerboel yumo. Lakini asome mpaka mwisho. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliochunguza watu waliotibiwa hospitalini kwa kung'atwa na mbwa katika jiji la Odense, kabla na baada ya sheria hiyo, na haukuona kwamba sheria ilipunguza majeraha. Kung'ata hakuangalii ukoo peke yake. Kunaangalia mbwa amelelewaje, amefungwaje, na nani ameshika mkanda. Sikatai kwamba mbwa mkubwa aking'ata madhara ni makubwa kuliko ya mbwa koko. Ndiyo sababu mzigo wa mwenye mbwa mkubwa uwe mzito zaidi, na mimi ninauomba huo mzigo uandikwe.

Kichaa cha mbwa ni jambo lingine kabisa, na naona tangazo limelichanganya na ukubwa. Ugonjwa huu unaua watu wanaokadiriwa 59,000 kwa mwaka duniani, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na dalili zikishaanza, kupona ni muujiza. Hauchagui mbwa mkubwa. Mbwa koko wa jalalani asiye na mwenyewe ana nafasi kubwa zaidi ya kuuleta kuliko Kifaru mwenye cheti. Kinachoukata ni chanjo: wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wote wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita, na Pemba kampeni za kuchanja mbwa zimeshaonyesha kuwa inawezekana hapa kwetu. Kamati ikitaka kufanya jambo moja kubwa mwaka huu, imwombe Afisa Mifugo wa Kata alete chanjo mtaani ifikapo 28 Septemba, siku ya kimataifa ya ugonjwa huu, na ichanje hata mbwa wasio na wenyewe. Nitakuwa wa kwanza kuja kuwashika. Na mpaka hapo kila nyumba ijue: aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo.

Na watoto wetu. Wakimwona Kifaru hupiga yowe na kukimbia, na hakuna mchezo anaoupenda kama huo. Mbwa kijana humfuata anayekimbia kabla hajafikiri. Naombeni nusu saa shuleni na nusu saa madrasa, bila mbwa, niwaonyeshe cha kufanya: kusimama wima, mikono mbavuni, macho pembeni, kimya. Mbwa hukosa hamu na kitu kisichokimbia wala kulia.

Ninachopendekeza kuhusu kifungu cha tatu ni kukifuta na kuandika hivi: mbwa wa aina kubwa akiwa nje ya geti ashikwe kwa mkanda imara na mtu mzima anayemmudu; geti la nyumba yake liwe na komeo linalofunga kweli, na kamati ije ilikague; mwenye mbwa aonyeshe cheti cha chanjo kila mwaka; na mtoto wa mbwa aruhusiwe kutembezwa, kuzoezwa watu na kuzoezwa doria, kwa saa zisizogongana na za ibada. Aliyeshindwa hayo atozwe faini, mimi nikiwamo. Mkitaka kuongeza kifunga mdomo kwa mbwa aliyekwisha kung'ata mtu, ongezeni. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtwika mwenye mnyama wajibu wa kumtunza. Kumfungia mnyama mkubwa saa kumi na tano za kila siku katika banda la mabati kwenye joto la Dar es Salaam sioni mtakavyouita utunzaji.

Naomba dakika kumi katika kikao cha Jumapili. Kifaru sitakuja naye, kwa kuwa mnakaa kwenye ukumbi wa madrasa. Anayetaka kumwona kabla ya kupiga kura anikute njiapanda jioni baada ya Alasiri, na aje na dagaa wake.

Mkazi mwenzenu,
nyumba ya mnazi, nyuma ya mashine ya kusaga

Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa
Afisa Mifugo wa Kata